Athari ya Neno la Kiongozi wa Dini katika Nyoyo

Somo kutokana na khutba ya Abu Hamza katika mji wa Madina

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa binadamu ulimi wa kubainisha na moyo wa kuzingatia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu msomaji, kila mmoja wetu amepata kukaa mbele ya sheikh mwenye ilimu akasikia mwili unamsisimka na machozi yanamlengalenga. Amerudi nyumbani kwake akiwa mtu mwengine. Na pengine baada ya siku tatu amerudi kuwa mtu yule yule. Je, machozi yale yalikuwa na thamani gani? Ni kipi kinacholifanya neno la kiongozi wa dini liingie moyoni, na ni kipi kinachojulisha kwamba lililoingia lilikuwa kheri? Haya ndiyo tutakayoyasoma katika somo hili, Inshaallah, na mfano wetu utakuwa ni khutba mashuhuri ya mmoja katika watangulizi wetu, Abu Hamza al-Mukhtar bin Auf al-Azdi.

1. NENO KATIKA QURANI TUKUFU

Mwenyezi Mungu ametupigia mfano katika Sura ya Ibrahim, aya ya 24 hadi ya 26. Amelifananisha neno zuri na mti mzuri, ambao mizizi yake imethubutu ardhini na matawi yake yamepanda juu, nao unatoa matunda yake kila wakati kwa idhini ya Mola wake. Na neno ovu amelifananisha na mti muovu uliong'olewa juu ya ardhi, usiokuwa na pa kusimama.

Tuuzingatie mfano huu. Neno zuri halikusifiwa kwa sauti yake wala kwa mapambo yake. Limesifiwa kwa mizizi na kwa matunda. Mizizi ni ukweli ulio ndani ya msemaji, na matunda ni amali inayoonekana kwa msikilizaji. Basi neno lisilo na mizizi huanguka, hata likiwa tamu. Na neno lisilozaa matunda kwa aliyelisikia, hasara ni yake aliyelisikia.

Tena katika Sura ya Az-Zumar, aya ya 23, Mwenyezi Mungu ameisifu hali ya wenye kumkhofu wanapoisikia Qurani: kwanza ngozi zao husisimka, kisha ngozi zao na nyoyo zao hulainika kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Hapa pana daraja mbili. Kusisimka ni mwanzo, na kulainika ni mwisho. Mtu akisisimka asilainike, kazi haijatimia.

2. ABU HAMZA NI NANI?

Al-Mukhtar bin Auf ni mtu wa kabila la Azd, mwenye asili ya Oman, na ni miongoni mwa waliochukua ilimu katika mji wa Basra, zama za Imamu wetu Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima, Mungu awarehemu wote. Aliishi katika siku za mwisho za dola ya Bani Umayya, wakati wa Marwan bin Muhammad, ambapo dhulma ilikuwa imeenea na mali ya umma ilikuwa ikitumiwa kwa matamanio ya wakubwa.

Katika mwaka 129 Hijria (747 Miladia) watu wa Hadhramaut walimpa baia ya Uimamu Abdullah bin Yahya al-Kindi, ajulikanaye kwa lakabu ya Talibul-Haqq, yaani Mwenye Kuitafuta Haki. Imamu huyu alimtuma Abu Hamza kwenda Makka katika msimu wa Hija, akiwa na jeshi dogo la watu wapatao elfu moja. Mahujaji walipowaona kule Arafa walishtuka. Lakini Abu Hamza alikubali kuwekeana amani na liwali wa Bani Umayya, Abdul-Wahid bin Sulayman, ili watu wamalize ibada yao kwa salama. Hija ilipokwisha, liwali alitoka Makka, na Abu Hamza akaingia bila ya vita.

Kisha, katika mwezi wa Safar mwaka 130 Hijria (Oktoba 747), jeshi lililotoka Madina lilikutana na jeshi lake mahala paitwapo Qudayd, baina ya Makka na Madina. Watu wa Madina walishindwa, na walikufa wengi, khasa katika Makureshi. Baada ya hapo Abu Hamza aliingia Madina na kukaa kiasi cha miezi mitatu. Marwan akatuma jeshi kutoka Sham likiongozwa na Abdul-Malik bin Atiyya, na katika mwaka ule ule wa 130 (748 Miladia) Abu Hamza akauawa Makka.

Tumeyataja haya ili msomaji aijue hali ya wasikilizaji. Mtu huyu hakusimama mbele ya marafiki. Alisimama katika mji wenye msiba, ambao nyumba zake nyingi zilikuwa zimetoka kumlilia baba au ndugu aliyeuawa Qudayd. Kuzisemesha nyoyo za namna hiyo ni jambo zito mno. Na damu ya Waislamu iliyomwagika siku zile si jambo la kujivunia kwa upande wowote. Tunamuachia hukumu yake Mwenyezi Mungu, na sisi tunachukua mazingatio.

3. KHUTBA NA ATHARI YAKE

Wapokezi wamekhitilafiana katika baadhi ya matamshi ya khutba zake, na katika mahala zilipotolewa, kama ni Makka au Madina. Lakini wamekubaliana juu ya utukufu wake. Al-Jahiz, aliyefariki mwaka 255 Hijria, ambaye hakuwa mtu wa madhehebu yetu, ameihifadhi khutba yake katika kitabu chake cha Al-Bayan wat-Tabyin, pamoja na khutba za mabingwa wa ufasaha wa Kiarabu. Amemueleza msemaji akipanda mimbari hali ya kuegemea upinde wa Kiarabu.

Katika maneno yake, Abu Hamza aliwakumbusha watu mwenendo wa Mtume (S.A.W.), kisha wa Abu Bakar na Umar, halafu akaeleza jinsi watawala waliofuata walivyoiacha njia ile. Aliwakumbusha watu wa Madina ubora wa baba zao waliompokea Mtume (S.A.W.) na kumnusuru, na akawalaumu kwa kunyamaza mbele ya dhulma.

Kisha akaligusa jambo ambalo watu wale walikuwa wakilisema kwa dharau, nalo ni kwamba wafuasi wake ni vijana tu. Akawauliza kama Sahaba za Mtume (S.A.W.) nao hawakuwa vijana. Halafu akawaeleza vijana wake: ujana wao umekomaa kama utu uzima, macho yao yameinama mbele ya haramu, miguu yao ni mizito kuiendea batili, usiku wameiinamia Qurani, wakipita kwenye aya inayoitaja Pepo hulia kwa kuitamani, na wakipita kwenye aya inayoutaja Moto hushusha pumzi nzito kama kwamba mngurumo wake umo masikioni mwao. Haya ni maana ya maneno yake kwa ufupi, na Kiarabu chake ni kizuri zaidi kuliko tulivyoweza kukieleza.

Athari yake ilikuwaje? Imepokewa kutoka kwa Malik bin Anas, Imamu wa Madina, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima katika mji ule, kwamba khutba ile ilimtia shaka aliyekuwa na yakini na ikamrejesha aliyekuwa na shaka. Naye Malik hakuwa katika wafuasi wa Abu Hamza. Ushahidi wa mtu asiyekuwa wa upande wako ndio ushahidi mzito.

4. NGUVU YA NENO HILI ILITOKA WAPI?

Wanavyuoni wa lugha watasema imetoka katika ufasaha. Hayo ni kweli, lakini wafasaha walikuwa wengi zama zile, na wengi wao maneno yao yamesahauliwa. Sisi tunaona sababu tatu.

Ya kwanza: msemaji alilitangulia neno lake kwa kitendo. Mtu aliyekubali kungoja mpaka mahujaji wamalize ibada yao ana haki ya kuzungumza juu ya utukufu wa dini. Na Tabari amepokea katika Tarehe yake kwamba Abu Hamza alikaa na watu wa Madina kwa mwenendo mwema hata akazivuta nyoyo za watu. Hakuna dawa ya kulipa uzito neno kuliko hii. Mwenyezi Mungu amewakemea katika Sura ya As-Saff, aya ya 2 na ya 3, wale wanaosema wasiyoyatenda, na amebainisha kuwa ni chukizo kubwa mbele yake.

Ya pili: alieleza alichokiona. Hakuwasifu vijana wa kubuni. Waliosifiwa walikuwapo pale pale, na kila mtu aliweza kuwatazama. Lau wangekuwa walevi na wanyang'anyi, khutba ingekuwa kichekesho katika midomo ya watu wa Madina.

Ya tatu: aliijua aibu waliyomtia, na akaigeuza iwe fakhari. Hakukasirika walipowadharau wafuasi wake kwa ujana wao, bali aliwaeleza ujana wenyewe unavyopaswa kuwa. Kijana aliyesimama pale akasikia wazee wanaelezwa thamani yake, bila ya shaka moyo wake ulijaa. Na pamoja na kujaa huko aliona deni lililo shingoni mwake, kwamba ni lazima awe kama alivyosifiwa.

5. NENO MOJA NA MASIKIO MAWILI

Pana funzo jengine, na hili linataka utulivu. Tabari huyo huyo amepokea kwamba Abu Hamza alisema juu ya mimbari kuwa mwenye kuzini ni kafiri na mwenye kuiba ni kafiri.

Ndugu msomaji, neno hili katika sikio la aliyesoma kwa wanavyuoni wetu lina maana moja, na katika sikio la asiyesoma lina maana nyengine kabisa. Kwa Maibadhi, ukafiri ni wa namna mbili. Upo ukafiri wa shirki, unaomtoa mtu katika Uislamu. Na upo ukafiri wa neema, nao ni kuikanusha neema ya Mwenyezi Mungu kwa kumuasi, hali ya kuwa mtu ni Muislamu anayeishuhudia Tauhidi. Maana hii imo katika Qurani, pale Nabii Sulayman (A.S.) alipoweka shukurani upande mmoja na ukafiri upande wa pili, katika Sura ya An-Naml, aya ya 40. Mwenye ukafiri wa neema huoana na Waislamu, hurithiwa na kurithi, na akifa huoshwa, husaliwa na huzikwa katika makaburi ya Waislamu. Damu yake na mali yake ni haramu.

Sasa mtazame mtu asiyeijua istilahi hii. Akilisikia neno "kafiri" moyo wake umekwisha kupanda joto, atadhani nusu ya mji imetolewa katika dini. Na mbaya zaidi kuliko huyo aliyechukizwa ni yule atakayefurahi, akalichukua neno hilo kwenda kuwahukumu jirani zake. Hapo ndipo tunapoona khatari ya athari isiyokuwa na ilimu. Moyo ukitangulia na akili ikabaki nyuma, neno la haki huweza kuzaa matunda ya batili.

Kwa hiyo kiongozi anawajibika kujua nani anamsikiliza, na msikilizaji anawajibika kuuliza kabla ya kuhukumu. Mwenyezi Mungu aliwaamrisha Musa na Harun (A.S.) wamsemeze Firauni kwa maneno laini, kama ilivyo katika Sura ya Taha, aya ya 44. Ikiwa Firauni alistahiki upole wa ulimi, vipi Muislamu aliyeteleza?

6. NENO LINALOTULIZA

Wako wanaodhani kuwa khutba yenye athari ni ile inayowasha moto tu. Si hivyo. Katika maneno yaliyokuwa na athari kubwa kabisa katika Umma huu ni maneno machache ya Abu Bakar (R.A.) siku aliyofariki Mtume (S.A.W.), mwaka 11 Hijria (632 Miladia).

Watu walikuwa wamechanganyikiwa. Umar (R.A.), pamoja na nguvu zake, alikuwa akiapa kwamba Mtume hakufa. Abu Bakar aliingia, akamfunua uso kipenzi chake, akambusu, akalia. Kisha akatoka na kuwaambia watu kuwa aliyekuwa akimuabudu Muhammad, basi Muhammad amekufa, na aliyekuwa akimuabudu Mwenyezi Mungu, basi Mwenyezi Mungu yu hai wala hafi. Akawasomea aya ya 144 ya Sura ya Al Imran. Umar amesimulia kuwa alipoisikia aya ile miguu yake haikuweza kumbeba, akaanguka chini, akajua kuwa Mtume kweli amefariki.

Abu Bakar alikuwa na msiba kama wao, au zaidi. Lakini alilia ndani, na alipotoka nje aliwapa watu njia ya kushika. Hakuyatumia machozi yake kuwazidishia watu machozi. Huu ndio uongozi.

7. MIZANI YA MACHOZI

Madhehebu yetu yanafundisha kwamba imani ni kauli, na kusadiki, na amali. Haitoshi moja bila ya nyengine. Basi vile vile athari ya mawaidha haitoshi kwa kusisimka tu.

Amepokea Irbadh bin Sariya (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapa mawaidha yaliyozitia nyoyo khofu na kuyatoa macho machozi. Sahaba waliona kama kwamba ni mawaidha ya mwenye kuaga. Je, walifanya nini? Hawakutosheka na kulia. Walimuomba awape wasia. Naye akawausia kumcha Mungu, kusikiliza na kutii, na kushikamana na Sunna yake. Yaani walitoka pale na kazi ya kufanya.

Kwa hiyo kila tukisikia neno likatugusa, na tujiulize maswali matatu:

Kwanza, neno hili limenikurubisha kwa Mwenyezi Mungu, au limenikurubisha kwa msemaji tu? Kumpenda mwanachuoni ni jambo jema, lakini yeye ni mjumbe wa njia, si mwisho wa safari.

Pili, limenionesha aibu zangu, au aibu za wengine? Mawaidha yanayokufanya utoke msikitini ukimfikiria jirani yako kuwa ndiye aliyeambiwa, hujayasikia bado.

Tatu, kesho asubuhi nitafanya nini ambacho jana sikukifanya? Sala iliyokuwa ikicheleweshwa, deni lililokuwa halijalipwa, ndugu aliyekuwa hasemezwi. Kama hakuna jawabu, machozi yalikuwa maji tu.

8. NYUMBANI KWETU

Familia zetu nyingi zilizopo Oman na nchi nyengine za Ghuba zina hali yao makhsusi. Khutba ya Ijumaa husomwa kwa Kiarabu. Mjukuu aliyesoma skuli hapa huifahamu neno kwa neno, na bibi yake aliyekulia Unguja au Pemba hufahamu Qurani iliyosomwa ndani yake, na mengine huyapata kwa sauti tu. Kwa upande wa pili, bibi akitoa mawaidha kwa Kiswahili chake kizito chenye methali, mjukuu hucheka au hunyamaza kwa kutofahamu. Kila mmoja ana neno lenye uzito, na halimfikii mwenziwe.

Tunazinasihi familia zifanye jambo jepesi. Baada ya chakula cha Ijumaa, kijana mmoja aeleze kwa Kiswahili yaliyosemwa na khatibu, hata kama ni kwa dakika tano. Atajifunza lugha ya wazee wake, na wazee watapata faida ya khutba. Na bibi au babu aongeze neno lake, na kijana alitie katika Kiarabu kwa wadogo zake. Hivyo neno litapita kutoka moyo hadi moyo bila ya kukatikia njiani.

Zamani tulipeana kanda za mawaidha, zikasikilizwa nyumba nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Leo vijana wanapelekeana kwa simu kipande cha dakika moja, sauti inalia na nyuma yake imetiwa mvumo wa huzuni, wala haijulikani kilichotangulia wala kilichofuata. Mzazi asiishie kukemea. Akae na mwanawe wasikilize pamoja, kisha amuulize: huyu ni nani, amesoma kwa nani, na anatutaka tufanye nini? Neno linalomtaka kijana amchukie mzazi wake, au ahalalishe damu na mali ya Muislamu, hata likimliza, lina mizizi iliyong'oka.

Na tusisahau kwamba kila mzazi ni kiongozi wa dini katika nyumba yake. Mtoto husahau khutba mia, lakini hasahau baba aliyemwambia usiseme uongo, kisha simu ilipolia akamwambia, "Waambie sipo."

9. MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini Mwenyezi Mungu alilifananisha neno zuri na mti, na mizizi ya neno ni nini?
2. Abu Hamza aliwasifu vijana wake kwa sifa gani? Ni ipi katika hizo tunayoweza kuianza wiki hii?
3. Eleza tofauti baina ya ukafiri wa shirki na ukafiri wa neema. Kuna khatari gani neno hili likisikiwa na asiyelijua?
4. Abu Bakar (R.A.) alifanya nini na huzuni yake mwenyewe kabla ya kuwasemesha watu?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu ndimi zenye ukweli na hekima, na atupe sisi masikio yanayosikia, nyoyo zinazolainika, na viungo vinavyotenda. Ewe Mola wetu, usiyafanye tuliyoyasoma kuwa hoja dhidi yetu, bali yafanye kuwa hoja yetu siku ya kukutana nawe. Amin.

Wabillahi taufiq.